Suria Si Hawara

Wenzangu mnaoandika, tuulizane kidogo. Mbona kila tukitunga hadithi ya kikale, mwanamke wa Omukama anakuwa wa aina moja tu: mrembo, mjanja, mwenye mdomo wa asali na kichupa cha sumu kiunoni? Hapa Kahororo nimepewa madaftari ya vijana kadhaa niyasome, na karibu yote yananuka riwaya za Kiingereza tunazoazimana.

Chukua The Other Boleyn Girl ya Philippa Gregory (2001). Siibezi, ilinikesha. Mary Boleyn anasimulia mwenyewe jinsi baba na mjomba walivyompeleka kwa Mfalme Henry VIII, kisha wakamgeuzia kibao pale dada yake Anne alipong'ara. Hapo Gregory kapatia: ukoo unafanya biashara ya mabinti ili upate vyeo na mashamba. Lakini kadiri kurasa zinavyokwenda, biashara ya wazee inageuka wivu wa madada, na Anne anabebeshwa ubaya wote. Alipokatwa kichwa mwaka 1536, msomaji anakaribia kusema kajitakia. Na yule mjomba, Duke wa Norfolk, ndiye aliyeongoza baraza lililomhukumu! Hicho ni kisa kizito kuliko wivu.

Sasa tuje pwani yetu. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Mama yake, Jilfidan, alitoka milima ya Caucasus. Wazazi wake waliuawa, naye akafika nyumbani kwa Sultani akiwa mtoto wa miaka saba au minane. Jino lake la kwanza lilimtoka humo. Baadaye akawa suria.

Jamani, huyu tumwite hawara? Hawara anaweza kuaga akaondoka. Suria alikuwa mtumwa. Akimzalia bwana wake, sheria ilikataza asiuzwe tena, na bwana akifa anakuwa huru. Mtoto alizaliwa huru, mrithi sawa na wenzake. Majid na Barghash, waliotawala Unguja mmoja baada ya mwingine, walikuwa wana wa masuria. Bibi Azza binti Seif, mke wa ndoa, hakuzaa, lakini nyumba nzima ilimtetemekea. Mgogoro wa riwaya umo humo tayari, bila tone la sumu.

Hata Salme tusimsome kwa kumwamini tu. Ni binti wa mfalme, na kitabuni anautetea utumwa, ingawa ndio uliomleta mama yake. Mwandishi mzuri angeanzia hapo hapo.

Huku kwetu hali ni mbaya zaidi. Speke alipofika Karagwe kwa Rumanyika mwaka 1861, alimpima shemeji wa mfalme mkono, kifua na paja, kwa kushangaa unene wa kunyweshwa maziwa. Vipimo akavichapisha mwaka 1863. Paja la mama yule linajulikana. Kitabuni yeye ni shemeji wa mfalme tu, hana jina wala neno.

Basi, kabla hujampa mwanamke wa kikale kichupa cha sumu, ndugu yangu, jibu kwanza maswali matatu: alifikaje pale, angeweza kukataa, na mwanawe atarithi nini?