Stima Imerudi, Seva Hazijawaka

Laini ya umeme ya kilovolti 132 inayotoka Juja Road jijini Nairobi hupitia Naivasha na Lanet kabla ya kuendelea hadi Lessos. Kuishi karibu na laini kubwa hivyo hakumkingi mtu na giza. Mvua ya alasiri ikitanda Nakuru, taa hucheza mara mbili tatu, halafu kimya. Pengine stima hurudi baada ya sekunde chache. Pengine ni kama ule usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, kabla ya saa nne, karibu Kenya nzima ilipozimika na sehemu nyingi zikalala gizani. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wenyewe uliumbuka siku hiyo, kwa kuwa jenereta yake moja ilikataa kuwaka.

Chumba cha seva ninachokichambua ni cha ofisi moja ya Lanet, Nakuru, inayouza pembejeo. Kuna seva mbili zinazoendesha Proxmox, mfumo wa kuendeshea mashine pepe. Ya kwanza ina mashine pepe ya hifadhi ya faili na nyingine ya hifadhidata. Ya pili ina programu ya mauzo na Windows ya mhasibu, na diski za mashine hizo mbili ziko kwenye ile hifadhi ya seva ya kwanza. Zote zinashikiliwa na UPS moja, kifaa cha betri cha kushikilia umeme, ya VA 1,500. Kabla ya marekebisho, UPS hiyo ilichelewesha ajali tu. Betri ikiisha, seva zilikatika katikati ya kuandika, na asubuhi fundi alianza siku kwa kukagua hifadhidata.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi hujidanganya hapo. UPS ya kiasi hicho mara nyingi hubeba betri mbili za volti 12, ampea-saa 17. Zidisha: wati-saa 408. Kwenye karatasi, mzigo wa wati 400 ungedumu saa nzima. Betri ya risasi na asidi haikubali hesabu hiyo. Ukiivuta kwa nguvu hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa, na UPS yenyewe hula sehemu yake inapogeuza umeme. Tegemea kama nusu saa, betri zikiwa mpya. Mzigo ukifika wati 1,000, hupati hata dakika 10.

Upande wa matumizi, Proxmox huipa kila mashine pepe sekunde 180 izimike kwa hiari kabla ya kuikata kwa nguvu. Zenye namba tofauti za zamu huzimwa moja baada ya nyingine. Mashine mbili kwa kila seva, dakika tatu kila moja, ni dakika sita mambo yakiwa mabaya, na kuna seva yenyewe ya kuzimwa baada ya hapo. Windows ndiyo iliyokula muda. Mwanzoni ilikuwa haisikii agizo vizuri, hadi wakala wa QEMU, programu ndogo inayopokea maagizo ya Proxmox, aliposakinishwa ndani yake. Iliposikia, siku nyingine ilianza kusakinisha masasisho yake papo hapo, betri ikiendelea kushuka. Masasisho yakahamishiwa Jumamosi mchana, kwa mkono.

Kazi ya kuisikiliza UPS, ofisi iliipa NUT, programu huria inayosoma hali ya UPS kwa kebo ya USB na kuitangaza kwenye mtandao wa ndani. Seva ya kwanza ndiyo yenye kebo, kwa hiyo ndiyo kuu. Ya pili hupokea habari tu. Waliiweka NUT kwenye Proxmox yenyewe, na walifanya vyema. Nimeona mahali ilipowekwa ndani ya mashine pepe, ikawa inajizima yenyewe kabla ya kumaliza kuzima wenzake.

Mpango wa kwanza ulivutia: seva ya pili ijizime dakika tatu baada ya stima kupotea, ya kwanza isubiri hadi betri ipungue. Hifadhi ingebaki hewani hadi wanaoitegemea waondoke, na mzigo ungepungua mapema. Lakini fikiria stima ikirudi dakika ya tano. Seva ya kwanza haijazima, UPS haijakata umeme hata nukta moja, na seva ya pili imelala bila chochote cha kuiambia kumekucha. Mauzo yamesimama, taa zinawaka, na wateja wamepanga foleni. Kwa Lanet, ambako stima hurudi haraka mara nyingi kuliko inavyochelewa, hilo si jambo la nadra.

Kwa hiyo uamuzi ukawa mmoja kwa seva zote. Dakika tano zikipita bila stima, au UPS ikisema betri iko chini, seva kuu hutangaza kuzima, na baada ya tangazo hakuna kurudi nyuma hata stima ikirejea. Dakika tano zilichaguliwa kwa ajili ya mlinzi, anayehitaji muda wa kufika kwenye jenereta ya ofisi.

Hapa NUT ina mtego. Kwa kawaida seva kuu husubiri hadi sekunde 15 ili ya pili ijiondoe, kisha inaendelea. Ila ya pili hujiondoa ikishapokea agizo la kuzima, si ikishamaliza kuzima. Mauzo na Windows bado zinafunga faili zao huku hifadhi inaanza kuondoka chini yao. Zamu za Proxmox hazisaidii, maana kila seva hupanga za kwake tu. Walichofanya ni kuongeza FINALDELAY ya seva kuu, yaani muda wa mwisho wa kusubiri kabla ya kuzima, kutoka sekunde 5 za kawaida hadi dakika saba. Si ufundi wa kupendeza, lakini dakika tano za kusubiri, saba hizi na sita za seva kuu yenyewe ni 18, na nusu saa inazibeba. Betri zikichakaa hazitazibeba.

Seva kuu ikikaribia kuzimika kabisa, NUT huiagiza UPS ikate umeme wake baada ya sekunde chache na kuurudisha stima ikiwepo. UPS nzuri hukata hata kama stima imesharudi. Huo mkato ndio unaoziamsha seva, mradi kwenye BIOS zimepangiwa kuwaka kila zinapopata umeme. Mpangilio wa kurudia hali ya mwisho haufai hapa: hali ya mwisho ilikuwa kuzimwa.

Jaribio la kwanza lilifanywa kwa kuchomoa plagi ukutani. Kwenye skrini ya seva kuu OL (stima ipo) ikageuka OB DISCHRG (betri inatumika). Kwenye ya pili, hakuna kitu. Swichi ya mtandao ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya kawaida, nyuma ya kabati, na ilizimika pamoja na taa. Laiti ingekufa dakika moja baadaye, NUT ingeokoa hali, kwa sababu seva inayojua kwamba UPS iko kwenye betri na kisha kupoteza mawasiliano hujizima bila kusubiri agizo. Lakini hii haikuwahi kuambiwa lolote. Swichi ikahamishiwa kwenye UPS.

Limebaki suala la stima inayorudi na kupotea tena, kama inavyotokea gridi inapowashwa kipande kwa kipande. Seva zikiwaka betri ikiwa tupu, pigo la pili halina dakika 18. UPS yao inakubali kuwekewa kiwango cha chini cha chaji kabla ya kurudisha umeme, nao wakaweka asilimia 40. Mhasibu analalamika kwamba taa zinawaka na kompyuta yake haifunguki. Fundi amebandika karatasi mlangoni: stima ikirudi, ngojeni, msiguse kitufe.