Imigongo na Ubeti wa Mishororo Mitatu

Mwanafunzi akipewa picha ya imigongo aitungie shairi fupi la maumbile, mara nyingi hukimbilia vilima. Mistari yenye pembe inakuwa milima ya Rwanda, na duara lililojisokota linakuwa jua au konokono. Shairi linageuka kitendawili, na msomaji akishakitegua hana haja ya kulirudia.

Kasoro hii naiona katika utazamaji kabla ya utunzi. Imigongo ni sanaa dhahania ya Gisaka, mashariki mwa Rwanda, ambayo masimulizi huihusisha na mwanamfalme Kakira. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ilifufuliwa na ushirika wa wanawake huko Nyakarambi. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kwa vidole kuwa matuta, huachwa ikauke, kisha hupakwa rangi: nyeupe na nyekundu za udongo, na nyeusi yenye majivu ya maganda ya ndizi. Jina lake halimsumbui Mswahili: ni migongo, yaani matuta yale yale. Maumbile basi yamo tayari ndani ya kazi yenyewe. Mtunzi anayetafuta kilima anamruka ng'ombe, anauruka mgomba, anauruka udongo, halafu anatupatia kadi ya watalii.

Jambo jingine ni umbo. Wengi hudhani kwamba sanaa dhahania hudai shairi huru, kana kwamba kila kisichochora kitu kimezaliwa baada ya Kichomi ya Kezilahabi (1974). Shairi huru silipingi, nalisoma kwa furaha. Lakini imigongo ina kanuni kali: tuta hufuata tuta kwa nafasi ile ile, rangi hupokezana, na kipimo kimoja kikipotea jicho hukiona mara moja. Jirani yake wa karibu katika ushairi wetu ni tathlitha. Nimetunga ubeti huu kwa mizani 8 kwa 8 ili hoja isibaki hewani:

Samadi ya ng'ombe wetu, ukutani 'mekauka,
Jivu la ndizi za kwetu, weusi umeishika,
Kilima hakuna katu, na mvua imeshafika.

Kina cha kati kinarudi kama tuta, kina cha mwisho kama rangi inayolifunika. Atakayesema kwamba ubeti huu hauna picha nitamkubalia nusu, kwa sababu hauelezi mchoro hata kidogo. Nilichotaka ni msomaji aishike samadi kwanza, ajue imetoka wapi, ndipo asikie mvua. Kwa anayejua samadi iliyokauka inavyofanywa na maji, nusu mshororo ile ya mwisho si mapambo ya maumbile. Ni hatari iliyofika mlangoni.