Injini Inapowaka Bila Kuitwa

Mwaka 2012, Toyota ilipoanza kuwauzia watu wa kawaida Prius Plug-in, haibridi ya kuchaji yenye mota ya umeme na injini ya petroli, wanunuzi wa majimbo ya baridi ya Marekani waligundua jambo moja mara tu majira ya baridi yalipoingia. Gari limelala kwenye chaja usiku kucha, betri imejaa, safari yenyewe ni ya kilomita chache. Dereva anawasha hita vidole visife ganzi, na papo hapo injini ya petroli inanguruma. Hakuna kilichoharibika. Gari lile halikuwa na njia nyingine ya kumpa abiria joto la kutosha.

Watu wengi huitupia betri lawama zote. Wanajua kwamba betri ya simu hufa upesi kwenye baridi, basi wanahitimisha kuwa ya gari nayo imeshikwa na ugonjwa huohuo. Betri ina sehemu yake, nitaifikia. Lakini mla kilomita mkuu ni kazi ya kumpasha joto binadamu aliyekaa ndani. Mwaka 2019 shirika la madereva la Marekani, AAA, lilipima magari matano ya umeme mtupu katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Hita ikiwa imezimwa, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Ilipowashwa, ulipungua kwa asilimia 41. Magari hayo hayakuwa haibridi, ila fizikia ni ileile, na haibridi ya kuchaji huumia zaidi kwa kuwa betri yake ni ndogo.

Tumezoeshwa vibaya na injini ya petroli. Injini ni jiko ambalo, pembeni ya kuwaka kwake, linasukuma gari. Sehemu kubwa ya nguvu iliyomo kwenye petroli hutoka kama joto kupitia eksozi na rejeta, na hita ya kawaida huchota tu kwenye maji ya rejeta kile ambacho kingemwagwa nje. Ndiyo maana kwa miongo mingi madereva hawakuuliza joto la garini linagharimu kiasi gani. Mota ya umeme haina ukarimu huo. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme unaoingia hugeuka kuwa mwendo, na joto linalobaki halitoshi hata kukausha ukungu kwenye vioo. Sifa ileile inayoifanya mota iwe nzuri ndiyo inayomwacha abiria akitetemeka.

Magurudumu hula umeme kwa kilomita. Hita hula kwa dakika. Tuseme gari linatumia kilowati-saa 15 kwa kilomita 100, na hita inavuta kilowati 4. Safari ya kilomita 10 itadai kilowati-saa 1.5 kwa ajili ya mwendo. Barabara ikiwa wazi na ukafika kwa dakika 10, hita itakuwa imekula kama 0.7. Theluji ikianguka, foleni ikajikunja na safari ileile ikachukua nusu saa, hita itakula kilowati-saa 2, zaidi ya magurudumu yenyewe. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: wanaendesha polepole ili kuokoa betri, na kila dakika wanayoongeza barabarani wanailipia kwenye hita.

Sasa betri. Ndani ya betri ya lithiamu, ioni hupita kwenye kimiminika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baridi hukifanya kimiminika hicho kizito, ioni zikajikokota, ukinzani wa ndani ukapanda. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, volti hushuka, na kompyuta ya gari inaweza kuomba msaada wa injini hata kama chaji bado ipo. Kuingiza umeme ni hatari zaidi kuliko kuutoa: chini ya nyuzi sifuri, lithiamu inayochajiwa kwa kasi huweza kuganda kama metali juu ya grafaiti badala ya kupenya ndani yake, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kwa sababu hiyo gari hupunguza umeme linaourudisha wakati wa kufunga breki. Ongeza na hewa yenyewe: kwa nyuzi 10 chini ya sifuri huwa nzito kwa karibu asilimia 13 kuliko kwa nyuzi 25 juu ya sifuri, na gari linalazimika kuisukuma njia nzima.

Chevrolet Volt, iliyoingia sokoni Desemba 2010, ililijibu tatizo hili mapema na kwa ujasiri. Wahandisi wa General Motors walipitisha kimiminika katikati ya seli zake 288, kikipoza wakati wa joto na kupasha wakati wa baridi, na gari likiwa kwenye chaja kazi hiyo ilifanywa kwa umeme wa nyumbani. Joto la abiria lilitoka kwenye hita ya umeme iliyopasha moto kimiminika chake, kama birika la umeme. Kampuni haikuficha gharama ya uamuzi huo: ilisema wazi kwamba umbali wa umeme ungekuwa kati ya kilomita 40 na 80 kutegemea hali ya hewa, mwinuko na dereva. Lakini nje kukiwa chini ya nyuzi 3 hivi chini ya sifuri, injini iliwaka ili kuisaidia hita, utake usitake. Wenye magari walilalamika, na katika modeli ya 2013 wakapewa chaguo la kukishusha kikomo hicho hadi karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Hita yenyewe ilikuwa na uwezo tangu mwanzo. Kilichobadilika ni mistari ya programu na heshima kwa uamuzi wa dereva.

Udhaifu wa birika ni kwamba kilowati moja ya umeme hutoa kilowati moja ya joto, haizidi. Prius Prime, iliyokuja mwishoni mwa 2016 ikiwa na betri ya kilowati-saa 8.8, ilichukua njia ya friji. Friji haitengenezi baridi. Inahamisha joto kutoka ndani na kulimwaga nyuma yake. Igeuze, nayo itaokota joto nje na kulileta ndani: hiyo ndiyo pampu ya joto. Hata hewa ya nyuzi 5 chini ya sifuri ina joto la kuokota, mradi gesi inayozunguka iwe baridi kuliko hewa hiyo. Kwa kilowati moja ya umeme, pampu ya joto inaweza kuleta mbili au zaidi.

Ugumu ni kwamba baridi ikizidi, gesi inayorudi kwenye kompresa huwa nyepesi mno. Kompresa inazunguka kwa bidii ileile huku ikisukuma gesi kidogo, na joto linafifia saa ileile linapohitajika zaidi. Denso, watengenezaji wa mfumo wa Prime, waliongeza mlango wa pili kwenye kompresa. Sehemu ya gesi hutenganishwa njiani ikiwa na shinikizo la kati, kisha hudungwa katikati ya ukandamizaji, ili inayotoka upande wa pili iwe nyingi kuliko iliyovutwa. Naipenda kazi hii. Haikuhitaji betri kubwa zaidi. Ilihitaji mtu aliyeuliza gesi inapungukia wapi. Kwa ufundi huo gari liliweza kuwapasha abiria kwa umeme mpaka karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Chini ya hapo, injini huwaka.

Na kuwaka kwa muda mfupi kwenye baridi ndiko kunakoiumiza injini. Inakunywa mafuta mengi, kisafisha moshi kwenye eksozi bado hakijapata joto la kufanya kazi, na petroli pamoja na mvuke wa maji huingia kwenye oili bila kupata nafasi ya kukauka. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba gari lisilo na hita ya umeme ya maana liuzwe kwa tangazo la "umbali wa umeme" bila kumwambia mnunuzi wa Oslo au Minneapolis jambo hilo. Umbali unaotangazwa Ulaya hupimwa kwa nyuzi 23, hali ya hewa ambayo Januari ya Oslo haiijui.

Aliyekwisha kununua ana njia zake. Apashe gari joto likiwa bado kwenye chaja, na ikiwezekana kwa umeme wa volti 240, maana soketi ya kawaida ya Marekani hutoa kama kilowati 1.4 tu na hita itaivuta betri kufidia pengo. Atumie hita ya kiti, inayokula wati chache na kugusa mwili moja kwa moja, kisha ateremshe ile ya hewa. Kwenye safari ndefu, aiache injini ifanye kazi barabara kuu mwanzoni; maji ya rejeta yakishapata moto, abadilishe kwenda umeme aingiapo mjini, na joto lile litamfuata kwa muda.

Haibridi hizi sasa zinashuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani, na baadhi zitaishia Njombe au Nyandarua, ambako asubuhi ya Julai huwa na umande ulioganda. Baridi hiyo pampu ya joto inaimudu bila shida. Anayenunua huko alikague gari alfajiri, betri ikiwa imejaa na hali ya umeme imechaguliwa: awashe hita hadi mwisho, afunge milango, asikilize.