Bayi wa Shilingi Moja

Stempu niliyodhani itamnunulia bibi bati ina picha ya Filbert Bayi, mkimbiaji wetu. Imeandikwa shilingi moja, nayo inaadhimisha Michezo ya Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976. Niliikuta Mkuyuni, ndani ya daftari la mjomba, miezi mitatu baada ya kumzika. Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo vitu vya mjomba viliwashukia wapwa zake. Kaka zangu walipata mikarafuu. Mimi, kwa kuwa ndiye ninayesoma shahada ya pili ya fasihi, nikapewa makaratasi.

Mjomba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuwa na albamu ya dukani. Alibandika stempu zake kwenye daftari la mistari, kila moja kwa kikaratasi chembamba. Bayi yuko humo mara nne, katika ukurasa mmoja. Wa kwanza ameandikwa Tanzania, wa pili Kenya, wa tatu Uganda. Picha ni ile ile, bei ni ile ile, kilichobadilika ni jina la nchi. Wa nne ni Tanzania tena, ila amepauka, kana kwamba rangi moja haikupita mashineni.

Huyo wa nne ndiye aliyenikosesha usingizi. Nilikuwa nimesoma habari za kadi za michezo za Marekani, hasa ile kadi ya Mickey Mantle ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952, iliyouzwa mnadani Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Nikasoma pia kuhusu kadi zilizokuwa zikitiwa kwenye pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, zile wakusanyaji wanazoziita T206. Mbele kuna mchezaji wa besiboli, nyuma kuna tangazo la sigara: Piedmont, Sweet Caporal na nyinginezo. Kadi mbili zenye sura moja zinaweza kupishana bei mno kwa sababu ya jina la sigara lililo mgongoni. Nikamtazama Bayi wangu mwenye majina matatu, na mwenzake aliyekosa rangi, nikaanza kupiga hesabu. Kosa langu kubwa ni kwamba nilizipiga mbele ya bibi.

Mjini Morogoro nilielekezwa kwa mzee mmoja anayekusanya stempu. Alifungua daftari, akavaa miwani, lakini hakumtazama Bayi aliyepauka. Alitazama majirani zake.

"Mwanangu, hili daftari lilikaa wapi?"

"Mezani, shikamoo... samahani mzee, mezani kwa mjomba. Karibu na dirisha."

"Basi ni jua. Ona, hata huyu wa pembeni amefifia upande mmoja. Rangi ikikosekana kiwandani, zile nyingine hubaki kali kama kawaida. Hapa zote zimechoka."

Kisha akanieleza mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kumwahidi mtu bati. Tofauti zipo za namna tatu. Kuna tofauti iliyokusudiwa, kama jina la nchi au tangazo la sigara. Kuna kosa la kiwanda, lililotoka nje bila mtu kuliona. Na kuna uharibifu uliotokea baadaye: jua, unyevu, gundi, mkono wa mtoto. Mnunuzi hulipia mbili za kwanza tu, na tapeli huishi kwa kuifanya ya tatu ifanane na ya pili. Ndiyo maana huangaliwa meno ya stempu, gundi ya nyuma, karatasi yenyewe na muhuri wa posta kabla ya kutamka neno "adimu".

Mfano wake ulitoka Zanzibar. Mwaka 1895, posta ya huko ilipotoka mikononi mwa India, stempu za India zenye kichwa cha Malkia Victoria zilipigwa chapa ya neno Zanzibar juu yake. Katika baadhi, herufi moja ilikosewa na nchi ikaitwa "Zanzidar". Stempu hizo husakwa mpaka leo kwa bei kubwa, na kwa sababu hiyo hiyo chapa za kughushi ni nyingi. Kuhusu akina Bayi wangu alisema kwa upole kwamba zilichapwa kwa wingi, zimetunzwa kwa wingi, na zote pamoja ni hela ya soda.

Nilirudi Mkuyuni kwa gari la jioni, nikipita Kiroka na mananasi yake, nikiwa na hasira nisiyojua pa kuielekeza. Mzee hakukosea. Alijibu swali aliloulizwa: zimebaki ngapi, na nani anazitaka? Hilo ni swali halali, na mwenye shida ya pesa hana haki ya kulidharau. Lakini mimi nafundishwa kusoma matini, na matini hii nilikuwa sijaisoma. Nilikuwa nimeipigia bei tu.

Nikaisoma upya. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, Bayi aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand alikuja wa pili, naye pia akiwa ameipita rekodi ya zamani. Dunia ikaanza kusubiri wawili hao wakutane Montreal. Katika seti hiyo ya stempu Bayi yuko pamoja na John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa Olimpiki wa 1972 wa mita 400 kuruka viunzi, na bondia Stephen Muchoki wa Kenya.

Hakuna hata mmoja wao aliyeshindana Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya makaburu mwaka huo, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa kuifungia New Zealand, na nchi zaidi ya 20 za Afrika zikasusia michezo, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Walker alichukua dhahabu ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17, muda ambao Bayi alishaupita kwa mbali. Stempu zilikuwa zimekwisha kutoka. Kwa hiyo zinaadhimisha mbio ambazo hazikuwepo. Herufi moja ikikosewa Zanzibar, katalogi inaiona. Historia ikigeuka baada ya wino kukauka, katalogi haina safu ya kuandika.

Halafu kuna yale majina matatu. Kwa miaka mingi stempu za Afrika Mashariki zilibeba Kenya, Uganda na Tanzania kwenye kipande kimoja cha karatasi. Mwaka 1976 michoro ilibaki ya pamoja lakini majina yakagawanywa. Mwaka uliofuata Jumuiya yenyewe ikavunjika. Bayi wa Kenya na Bayi wa Uganda ni tofauti iliyokusudiwa, tena ya kawaida kabisa, na papo hapo ni picha ya nyumba ambayo wenyewe wameshaanza kugawana vyombo. Katalogi huwaweka Bayi hao watatu chini ya nchi tatu, mbalimbali. Mjomba aliwaweka kwenye mstari mmoja, bila maelezo yoyote. Kwangu mpangilio huo ni kazi ya uhakiki kuliko insha zangu kadhaa za darasani.

Sitaki kudanganya kwamba maana hii inaezeka nyumba. Ni rahisi kwa msomi kusema kitu kina thamani isiyo ya fedha wakati paa linalovuja si lake. Na soko nalo linastahili sifa moja: limenilazimisha kutazama nyuma ya stempu, pembeni yake, na dirisha lililokuwa mbele yake. Mhakiki anayekimbilia maana bila kukagua karatasi atafanya kosa langu, ataona muujiza mahali jua lilipofanya kazi yake.

Nilimweleza bibi yote, kuanzia jua mpaka soda. Hakukasirika. Alisema bati litasubiri karafuu, kama lilivyokuwa likisubiri kabla ya mimi kuja na milioni zangu. Kisha akalichukua daftari, akamtazama Bayi kwa muda.

"Huyu alishinda?"

"Hakukimbia, bibi. Nchi ilikataa kwenda."

"Na yeye alitaka kwenda?"

Hilo sikuweza kulijibu kwa stempu. Nikalifunga daftari, nikaliweka kabatini, mbali na dirisha.