Kimambo alifunga kitabu mapema mno

Mwaka 1900 halikutokea jambo lolote Upare la kumfanya mwanahistoria aweke kalamu chini. Wajerumani walikuwa wameshaingia. Reli ya Tanga ilikuwa haijafika hata Mombo, sembuse Same. Waadventista walikuwa hawajapanda Mamba, walikuja 1903. Hakuna vita vilivyokwisha mwaka huo. Ni tarakimu tu, ina masufuri mawili na inapendeza jaladani. Hapo ndipo Isaria Kimambo alipoamua kuishia katika kitabu chake cha 1969, A Political History of the Pare of Tanzania, c. 1500–1900. Aliyekisoma anajua ninachosema: unafungua ukurasa wa mwisho ukitaka kuendelea, unakuta njia imekatwa.

Kazi yenyewe ya kuusimulia ufalme wa Ugweno sina ugomvi nayo. Washana wahunzi, Wasuya waliowapindua, Angovi na mwanawe Mranga aliyeupanga utawala upya: Kimambo aliyafuatilia mapokeo ya koo kwa subira na kuyapambanisha, na hajatokea aliyemzidi.

Ugomvi wangu ni mizani. Tazama jina la kitabu. Mwaka wa kuanzia una neno "takribani" mbele yake, kwa sababu umetokana na kuhesabu vizazi vya watawala, kurudi nyuma kutoka kwa mzee aliyekaa mbele ya mtafiti. Wa mwisho umetoka kwenye kalenda ya ukutani. Kitabu kimoja, vipimo viwili. Ukipima historia kwa vizazi, huna budi kuishia mahali kizazi kinapoishia: kifo cha mtawala, kugawanyika kwa himaya, kuhama kwa ukoo. Hesabu ya vizazi haikatwi na karne. Mzee wa Usangi aliyezaliwa 1880 hakuamka asubuhi moja akajikuta ametoka kwenye siasa na kuingia kwenye kitu kingine.

Najua sababu. Idara ya historia ya Dar es Salaam, aliyokuja kuianzisha Terence Ranger, ilikuwa na kazi moja kubwa katika miaka ile: kuonyesha kwamba Mwafrika alikuwa na dola na siasa kabla ya mkoloni. Nia njema kabisa. Lakini ukiishia 1900, msomaji anaondoka na wazo lile lile ulilotaka kulifuta, kwamba mkoloni alipofika siasa ya Mpare ilikwisha. Nimelisema hili siku nyingi na wanafunzi wa skuli ile hununa. Wanune.

Kwa sababu tukio kubwa kuliko yote ya kisiasa waliyoyafanya Wapare kwa pamoja, kusini na kaskazini, lilitokea ndani ya karne iliyokatwa. Nazungumzia mbiru, upinzani wa kodi. Januari 1945 wanaume waliteremka milimani kwa maelfu, wakaja kukaa Same, makao makuu ya wilaya. Si kupita na mabango kisha kurudi. Kukaa, katika joto la tambarare, mashamba yakiwasubiri huko juu. Hawakuwa wakikataa kulipa kodi. Walichokataa ni kukadiriwa: watu waje kupima mali ya mwenzao, ng'ombe wake na shamba lake, kisha wamwambie anadaiwa kiasi gani. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi wakaingia. Jean O'Barr, aliyeandika habari zao miaka ya sabini, anaeleza walivyomkabili ofisa wa serikali na kumpa achague: amalize ugomvi waume zao warudi nyumbani, au awape mimba wote yeye mwenyewe. Mwaka 1947 kodi ikaondolewa.

Sasa jiulize ni nani waliosimamia kodi ile. Wafumwa, watawala wa Kipare, kwa kiti kile kile ambacho Kimambo ametumia kitabu kizima kutueleza kilivyochongwa. Swali la kiufundi lililokuwa likimngoja ni hili: mtawala aliyepokea heshima kwa sababu ya mvua, jando na hukumu, aligeukaje kuwa mkadiria mali wa serikali, na watu wake walitumia kumbukumbu gani kumwambia kwamba amevuka mpaka? Jibu linahitaji sura za 1969 na mbiru zikae pamoja. Kimambo akazitenganisha. Mbiru akaipeleka kwenye kijitabu cha 1971 cha Chama cha Historia cha Tanzania, chembamba, kana kwamba ni nyongeza. Kijitabu ni kizuri, na ndiyo maana nakasirika.

Abdallah bin Hemedi hakufanya hivyo. Huyu aliishi na Wakilindi, watawala wa Usambara, ng'ambo ya bonde la Mkomazi na akawatumikia. Habari za Wakilindi aliiandika kwa Kiswahili, ikachapwa kwa mitambo ya wamisionari wa UMCA, mwisho wa karne ya kumi na tisa na mwanzo wa ile iliyofuata. Anaanza na Mbegha mwindaji na nguruwe wake, anampita Kimweri ye Nyumbai aliyefariki 1862, anaingia moja kwa moja kwenye vita vya Semboja wa Mazinde, watu aliokula nao. Ana upendeleo, ndiyo, na anapenda kutia maneno vinywani mwa wafalme. Lakini hakuna mahali anapokuambia hapa historia imekwisha, sasa yanaanza mambo ya leo. Wapare hatukupata Abdallah wetu. Tulipata Dannholz na Kotz, wote wamisionari, wote kwa Kijerumani, wa kwanza 1916 na wa pili 1922, na vitabu vyao vyote viwili vimetuweka jaladani kama watu waliofungwa na hofu na mizimu.

Mwaka 1991 Kimambo aliuvuka mwaka 1900 mwenyewe, katika Penetration and Protest, kinachokwenda toka 1860 hadi 1960. Ila humo hoja kuu ni uchumi wa dunia, na mfumwa wa Ugweno amebaki kwenye kitabu kingine. Atakayechapa upya kitabu cha 1969 asiongeze dibaji ya sifa. Akishone kile kijitabu cha mbiru nyuma ya sura ya mwisho, kwa Kiswahili, na jaladani aandike 1947.