Bembea ya Garsen: Miguu, Boriti na Kamba

Bembea ya uani husifiwa kwa kamba na ubao wake, kwa kuwa ndivyo vinavyocheza. Mimi huanza kuisoma kwa visivyocheza: miguu minne na boriti moja juu. Utamu wa mwendo wote umo katika ukaidi wa viungo hivyo vitano.

Vijijini mwa Wapokomo, kando ya Mto Tana, bembea iliyozoeleka ni kamba kwenye tawi la mwembe. Tawi hunepa mtoto akishuka, kisha humrusha kidogo anapopanda. Ni utamu wa kweli, lakini fundi anayejenga bembea ya miti asiuige, maana boriti inayonepa ni boriti iliyochoka. Mtoto wa kilo 25 akijirusha mpaka kamba zifikie nyuzi 60 kutoka wima, anapopita chini kamba hubeba kilo 50. Uzito huo maradufu hufika juu tena na tena, jioni nzima.

Wengi huchimbia nguzo mbili wima na kuona wamemaliza. Kwa ardhi ya Garsen, huku kwenye delta ya Tana, umbo hilo halifai. Udongo mweusi wa delta huvimba ukilowa na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na nguzo iliyokaza mwezi wa Mei huweza kutikisika ifikapo Februari. Bora jozi mbili za miguu iliyotanuka, kila jozi ikutane juu na kuunganishwa kwa mti wa kukingama chini kidogo. Mtoto huenda mbele na nyuma. Miguu nayo imetanuka mbele na nyuma. Hata bembea ikiwa tupu, macho huona kazi yake. Udhaifu uko ubavuni, ambako hakuna kinachozuia fremu kulala upande. Kipande cha mshazari kati ya mguu na boriti hutibu hilo, na mafundi wanaokiacha ili umbo lionekane jepesi wanapamba mahali pasipohitaji pambo.

Kuhusu miti, mathenge iliyosambaa Tana River tangu miradi ya umwagiliaji ya Bura na Hola ni ngumu lakini imepinda mno kwa boriti. Panda zake, hata hivyo, hukaliwa vizuri na mti wa juu. Huo uwe mkoko ulionyooka, wenye kibali, wa unene ambao wauzaji huuita boriti. Ule wanaouita pau ni mwembamba mno.

Sasa kamba, ambayo ndiyo mizani ya umbo hili. Ikiwa na mita 2.25 kutoka fundo la juu hadi kiunoni mwa mtoto, kwenda na kurudi huchukua takriban sekunde 3, awe mzito au mwepesi. Ukitaka sekunde 6 utahitaji mita 9, yaani uurudie mwembe mkubwa. Kurudi kwa wakati si jambo geni huku: hii ni nchi ya shujaa Fumo Liyongo, anayehusishwa na Ozi na Kipini, na utendi wake ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 umejengwa kwa kurudi kama huku: vipande vitatu vya ubeti huchukua kina chao, cha nne hurejea kwenye kina cha utendi mzima. Msikilizaji hukingoja. Mtoto naye hupiga miguu kwa wakati wake kwa sababu anajua lini atapita chini tena, na fundi alimpangia wakati huo alipokata kamba.

Limebaki suala la misumari, na hapa sina subira. Kila mrusho huuvuta msumari, nao hulegea, na ukiung'oa msumari huo, mti hupasuka. Kisha kuna kuhama: mafuriko ya 1997–98, 2018 na yale ya mwisho wa 2023 yalihamisha familia nyingi za delta. Kitu cha mtoto wa huku lazima kiwe na umbo linalofunguka. Bolti hukazwa upya zikilegea, na maji yakitangazwa, spana moja inatosha kuiteremsha bembea yote na kuipakia pamoja na vyombo vingine.