Kristali za Kifaru Kwenye Meza ya Fundi

Chukua namba 100, igawe kwa 54. Jibu ni 1.85 na ushee. Hesabu hiyo ndogo iliwapa wanaredio wa ridhaa zawadi kubwa kuliko nyingine zote walizookota kwenye mabaki ya Vita Kuu ya Pili, na watu wa vifaru walioipiga hawakuwa na habari nao.

Jeshi la Marekani lilikuwa na redio ya kifaru iitwayo BC-604. Ilirusha sauti kwenye chaneli 80, kuanzia megahezi 20 hadi 27.9, na kila chaneli ilitengana na mwenzake kwa kilohezi 100. Kila chaneli ilikuwa na kristali yake: kipande cha jiwe la kwatzi, lile lile linalohesabu sekunde ndani ya saa ya mkononi, kikiwa kimefungwa kwenye kiboksi chenye pini mbili kilichopewa jina la FT-241. Kristali hizo hazikutetema kwa megahezi 20. Zilitetema taratibu, kati ya kilohezi 370 na 517 hivi, kisha redio ikazizidisha mara 54 hadi zifike kwenye chaneli inayotakiwa. Ndipo hesabu ile inapoingia. Kama chaneli zinapishana kwa kilohezi 100 baada ya kuzidishwa mara 54, basi kristali zenyewe zinapishana kwa kilohezi 1.85.

Vita vilipokwisha, kristali hizi zilimwagwa sokoni kwa bei ya kutupa. Wakati huo huo wanaredio wa ridhaa walikuwa wakihangaika na mtindo mpya wa kurusha sauti, SSB. Redio ya AM hutuma sauti mara mbili, upande wa juu na upande wa chini wa masafa yake, na katikati hutuma wimbi tupu lisilobeba neno lolote ingawa ndilo linalokula umeme mwingi. SSB hutupa wimbi lile la katikati, hutupa upande mmoja, hubakiza mmoja. Wati zile zile zinafika mbali zaidi. Kazi ngumu ni kukata upande mmoja bila kuugusa wa pili, maana pande hizo zinakaribiana mno. Koili za kawaida za redio hukata kwa mteremko kama wa kilima, na hapa panatakiwa ukuta.

Kristali hukata kama ukuta. Ukichukua mbili zinazopishana kwa kilohezi 1.85, ukazifunga kwa namna ambayo sauti iliyo kati ya masafa yao inapita na iliyo nje inajifuta yenyewe, umepata chujio lenye upana unaokaribia kabisa upana wa maneno ya binadamu. Ongeza jozi ya pili na kuta zinazidi kusimama wima. Chujio la namna hiyo, kulinunua kiwandani miaka ya 1950, lilikuwa ghali kwa mtu wa mshahara. Kwenye viboksi vya vifaru lilikuwa tayari limeshakatwa na kupimwa kwa gharama ya serikali iliyokuwa vitani. Aliyebaki na kazi ni mtu wa kuketi na kalamu na kugundua kwamba chaneli namba hii na chaneli namba inayofuata, zikiwekwa pamoja, ni chujio.

Nimeanza na kristali kwa makusudi, kwa sababu watu wakizungumzia redio za jeshi huzungumzia boksi. Boksi linavutia, sikatai. Wireless Set No. 19 ya Waingereza, iliyobuniwa na kampuni ya Pye na kutengenezwa pia Marekani na Kanada, nyingine zikiwa na maandishi ya Kirusi usoni kwa ajili ya jeshi la Kisovieti, ni chombo cha kumtoa fundi machozi ya furaha. Lakini waliofaidika zaidi hawakuziabudu redio hizo. Walizifumua. Kipokezi cha ndege BC-453, kilichoundwa kusikiliza masafa ya chini ya kuongozea ndege, kilifungwa nyuma ya redio ya kawaida yenye masafa ya kati ya kilohezi 455. Ndani yake kilikuwa kinachuja kwenye kilohezi 85, na kadiri masafa ya kuchujia yanavyokuwa chini ndivyo koili zinavyokata kwa ukali zaidi. Redio ya sebuleni ikageuka kipokezi cha kutenganisha vituo vinavyopigana vikumbo. Kristali nyingine, za FT-243, zilisuguliwa kwa mkono juu ya kioo na unga wa msasa: zikipungua unene, masafa yanapanda. Mtu akipitiliza alichora kidogo kwa penseli juu ya jiwe, uzito wa alama ile ya penseli ukayarudisha chini.

Huku kwetu Tanganyika mabaki ya vita yalikuja kwa sura nyingine. Mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947 ulileta Kongwa matrekta yaliyonunuliwa kwenye mabaki ya jeshi la Marekani kule Ufilipino, na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers, vikaitwa Shervick. Mradi ulikufa mwaka 1951, na vyuma vikabaki. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa imeshayageuza mabaki ya vita kabla ya hapo, katika Vita Kuu ya Kwanza, kwa upande wa Wajerumani: mwaka 1915 mizinga ya manowari yao Königsberg iliyozamishwa Rufiji ilitolewa majini na kuwekewa magurudumu kwenye karakana ya reli ya mji huu. Mtaa uliochukua jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, ukawa Kariakoo, uko kwenye mji huo huo. Kugeuza chombo kifanye kazi ambayo hakikutumwa ni ufundi wa zamani hapa.

Sasa tuseme boksi la No. 19 limetua mezani kwa fundi wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Kazi ya kwanza ni umeme. Redio hii ilikula betri ya gari la vita kupitia dainamota, yaani mota inayozungushwa na betri huku upande wa pili wa mhimili wake ukizalisha volti za juu, kama 500 kwa valvu ya mwisho. Waliozigeuza waliiondoa na kufunga transfoma ya umeme wa nyumbani. Volti hizo zinaua, na kapasita huzishika hata baada ya plagi kuchomolewa. Kazi ya pili ni kapasita za karatasi zilizopakwa nta: zinavuja karibu zote, na kuwasha redio kabla ya kuzibadilisha ni kuunguza valvu ambazo hazipatikani tena kirahisi. Kwa joto la unyevu la pwani yetu kuna jambo moja jema. Baada ya ukungu kula redio kwenye misitu ya Burma na visiwa vya Pasifiki, walikopigana pia askari wetu wa Keya (King's African Rifles) mwaka 1944 upande wa Burma, vifaa vingi vilipakwa vanishi ya kuzuia unyevu na kuvu. Vilivyopakwa vimedumu. Jambo baya ni rangi inayong'aa gizani kwenye mita za ndegeni: ni radiamu. Usiikwangue, usiipulize.

Tatizo la Gerezani ni mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Dainamota ina kopa nyingi, kwa hiyo ina bei. Transfoma ina kopa, ina bei. Kristali haina uzito wowote wa maana, na chujio halina. Chombo kikifika kwenye mizani hiyo kinahesabiwa kwa kile ambacho mwanaredio wa ridhaa angekitoa kwanza, na sehemu ambayo akili ya wahandisi wengi ilimwagwa ndani yake inasagwa pamoja na plastiki. Hili linaniuma kuliko kupotea kwa boksi lolote.

Redio za jeshi za leo hazitakuja kwenye meza hiyo, wala hazipaswi. Zinarukaruka masafa mara nyingi kwa sekunde na kufunga sauti kwa msimbo, na zikistaafu huharibiwa. Mrithi wa kweli wa mabaki ya vita, kwa Tanzania, ni redio koli ya masafa mafupi iliyokuwa kwenye magari ya misaada, misheni na hospitali za mbali kabla simu za mkononi hazijafika. Wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo kwenda Ngara mwaka 1994, magari yenye antena ndefu ya mjeledi yalikuwa ndiyo mtandao. Redio kama za Codan ya Australia hutoa wati 100 hivi kwa betri ya volti 12, tayari zina SSB, tayari zina chujio. Modeli za zamani zilihifadhi chaneli kwenye chipu ya EPROM. Anayejua kuiandika upya chipu hiyo huihamishia redio kwenye masafa ya ridhaa bila kugusa kitu kingine, na wanaredio wa Australia wamefanya hivyo kwa muda mrefu. Baofeng za mkononi kutoka China ni rahisi zaidi, lakini ndani kazi karibu yote inafanywa na chipu moja. Ukifungua, huoni njia ya sauti. Huwezi kuifumua ikakufundisha.

Leseni ni lazima. Chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010, anayeitoa ni TCRA, na ishara ya mtu aliyesajiliwa huanza na 5H, kama ilivyoanza na VQ3 enzi za Tanganyika. Ukishaipata, kwa megahezi 7.1 utahitaji waya wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati na kulishwa hapo. Nyumba za zamani za Kariakoo, zenye ua na mnazi, zingeubeba bila shida. Kwenye paa la ghorofa utaubeba kwa kuukunja pembeni, na utapambana na kelele za chaja, inveta na taa za LED za mtaa mzima. Hapo kuta zile za kristali, zilizokatwa kwa ajili ya vifaru, zinaonyesha kazi yake: unageuza kitufe saa tatu usiku, maduka yakiwa yamefungwa, na kutoka kwenye msongamano ule sauti moja inabaki.